Kwa Salim, kabla hujapanda tena Juba

Malaba, Jumapili usiku

Kaka Salim,

Salamu kwako na kwa mama watoto. Sisi huku wazima, foleni tu ndiyo inayotutesa.

Tangu uniambie kwamba baada ya zile risasi za barabara ya Nimule unalala kwenye kiti cha dereva, taa ya ndani ikiwaka, sijatulia. Ulisema ukicheka, nami nikacheka. Nilipokata simu nikabaki nimekaa, maana taa hiyo naijua. Yangu mimi ilikuwa tochi.

Ajali yangu ya Karuma sijawahi kukusimulia, na humu sitaimaliza. Unajua tu kwamba breki zilikataa kwenye mteremko na taniboi wangu, yule msaidizi wa gari, hakutoka. Polisi waliandika si kosa langu. Mama wa yule kijana alinishika mikono yote miwili akasema siku yake ilikuwa imefika. Nilimwitikia, nikaenda kununua waragi, ile pombe kali ya Uganda.

Waragi uliiona. Serikali ilipopiga marufuku zile sashe, vipakiti vya pombe, mwaka 2019 nilijisifu kwamba sasa nitaacha, kumbe nilihamia tu kwenye chupa. Lakini kulikuwa na jambo la pili ambalo hukuliona, kwa sababu lilikuwa linapendeza. Kila safari nilikaza nati za tairi zote 22 kwa spana. Nikimaliza, naanza upya, maana pale katikati nilikuwa nimewaza jambo jingine na huenda moja nimeiruka. Kamba za turubai nilizifungua na kuzifunga mpaka viganja vikachubuka. Saa nane za usiku naamka, nachukua tochi, nazunguka gari. Bosi akawa ananitolea mfano kwa wenzangu: mwigeni Wafula, gari lake halina dosari. Krismasi akanipa bahasha. Kwa hiyo pombe walinikemea, na ule ugonjwa mwingine wakanilipa.

Kliniki ya kwanza niliyokwenda, sitaitaja, walinipa vidonge vya usingizi wakaniambia nipumzike. Nilivimeza na waragi. Baadaye nikaamua kuacha kiume, peke yangu, kwenye loji pale Naluwerere. Siku ya pili kikombe cha chai hakikushikika. Jasho, mikono inatetemeka, naona wadudu ukutani. Ya tatu nikaanguka degedege, mwenye loji akadhani nimerogwa. Hili ulisome mara mbili, Salim: mwili uliozoea pombe nyingi kila siku, ukiukatia ghafla, unaweza kuingia degedege na hata kufa. Hospitalini wanakupa dawa ya kutuliza wanayoipunguza kidogo kidogo kwa siku chache, na vitamini B1 ili ubongo usidhurike. Kama wewe ni bia mbili za jioni, hilo ni jambo jingine, ila nijibu ukweli. Kama unaanza asubuhi, usijifungie chumbani kama mimi.

Nikapelekwa Kampala. Ndiyo, Butabika. Cheka umalize. Hospitali ile ya magonjwa ya akili ipo tangu 1955 na sisi jina lake tumelifanya tusi la barabarani, mtu akikupita vibaya unamuuliza ametoroka lini. Kumbe kuna kitengo cha watu wa pombe na dawa za kulevya, na kitanda cha pili yangu alilala mwalimu mkuu aliyekuwa akinisahihishia Kiswahili.

Mwili ulipotulia nikaanza kwenda kwa mshauri nasaha, mama mmoja aliyewahi kufanya kazi na wakimbizi Nakivale. Kiswahili chake kina Bukavu ya Kongo ndani, vitu kwake ni “bintu”. Nilitegemea mahubiri. Badala yake alitoa kamba, kamba kabisa, akaitandaza sakafuni na kuweka kando mawe na maua. Kamba ni maisha yako tangu kuzaliwa, akasema. Jiwe ni baya lililokupata, ua ni jema. Panga.

Unajua nilifanya nini kwanza? Niliinyoosha kamba. Nikavuta ncha hii, nikavuta ile, nikaona imepinda katikati, nikarudi. Mama ametulia ananitazama. Dakika kumi zimepita na sijaweka hata jiwe moja. Akaniuliza taratibu, “Ikinyooka kabisa, nini hakitatokea?” Nikafungua mdomo nikakuta nalia, mtu mzima, nimepiga magoti na ncha ya kamba mkononi.

Njia hiyo ilijaribiwa Nakivale kwa wakimbizi wa Rwanda na Somalia, na waliofundishwa kuiendesha hawakuwa madaktari, walikuwa wakimbizi wenzao. Unasimulia kwa mpangilio, kuanzia utotoni, na mkifika kwenye jiwe mnapunguza mwendo: ulisikia harufu gani, mkono ulikuwa wapi, moyo ulifanyaje, na sasa hivi unafanyaje. Yeye anaandika. Kikao kinachofuata anakusomea, unarekebisha, mnaendelea. Alinieleza kwamba kumbukumbu ya kiwewe imebaki vipandevipande, harufu ya breki huku, ukelele kule, bila tarehe wala mahali, ndiyo maana inakurukia kama inatokea leo. Mimi nilimwelewa kwa lugha yetu: ni mzigo usio na karatasi, kila mpaka utasimamishwa. Vikao vile vilikuwa vya kuuandikia karatasi. Havikuwa vitamu. Mara mbili nilifika mlangoni nikageuza, na wiki ya Karuma yenyewe nilirudi nyumbani nikashindwa kula.

Nati ndizo zilizonigomea kuliko pombe. Nilimwambia, mama, mimi ni dereva, nisipokagua nitaua mtu tena. Hakubishana. Alitaka nikague mara moja, kwa karatasi, tairi hadi taa, niweke sahihi, kisha nisirudi hata roho ikinisuta. Siku ya kwanza nilitoka hapa Malaba nikavumilia mpaka Iganga, shati limelowa, nikasimama nikakagua zote. Nikaenda kuungama. Akauliza nilikuta ngapi zimelegea. Hamna. Na mwaka mzima wa tochi? Nikahesabu: mbili, na zote nilizikuta kwenye ukaguzi wa kwanza wa asubuhi. Safari zile nyingine zote za kuzunguka gari gizani hazikuwahi kupata kitu. Tukaendelea hivyo, leo mpaka Iganga, kesho mpaka Jinja, mpaka siku niliyovuka daraja la Nile ndipo nikakumbuka kwamba sijazikumbuka.

Sikudanganyi kwamba nimekwisha kupona. Mwaka jana Elegu nilikunywa, siku mbili, kwa sababu mtoto fulani dukani alicheka kama yule kijana. Zamani ningesema basi, nimeharibu, acha niharibu yote. Huo nao ulikuwa ukamilifu wangu, safi au bure kabisa. Nilimpigia simu mama, siku ya tatu nikarudi kwenye hesabu ya siku bila pombe. Na barua hii nimekata maneno manne, sijaiandika upya. Utavumilia mwandiko.

Sikuambii una ugonjwa gani, mimi si daktari. Ninachokuomba ni hiki: safari ijayo, usipitie Mbale, pitia Kampala. Mama yule anaona watu Jumanne na Ijumaa, kikao kimoja ni kama pesa ya chakula cha siku tatu njiani, na cha kwanza nitakulipia mimi. Ukifika ukaona hakufai, utanidai mafuta. Bosi wako mwambie unakwenda kutazamwa mgongo. Mgongo wa dereva hauulizwi maswali.

Jumatano niko Naluwerere. Nitakupigia saa mbili usiku, ukiwa umeegesha. Usiniambie uko sawa kabla sijauliza.

Nduguyo,
Wafula