Kinda akitoka kwenye boksi siyo kwamba amekua

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa rohoni tangu mwaka jana na kila nikiliongea nyumbani naambiwa "mama hao ni ndege tu". Nazungumzia baji, wale kasuku wadogo wa kijani, njano na bluu wanaouzwa kwenye matundu ya waya, watu wengi hapa mjini wanawaita lavubedi. Sio lavubedi jamani. Lavubedi wapo wa kwetu kabisa, huko Serengeti wanaishi porini, mkia mfupi na domo nene, baji asili yake Australia, mkia mrefu na mgongoni ana mistari kama pundamilia. Mume wangu anawaita bajaji, nimemuacha hivyo hivyo.

Sasa mwaka jana nikanunua makinda wawili kwa muuzaji mmoja, sisemi wapi. Akanionyesha mistari imeshuka kwenye paji mpaka juu ya pua, macho meusi tii, akasema ona mama hawa bado wadogo kabisa watakuzoea haraka. Na hapo hakudanganya, hiyo mistari ya kwenye paji inaanza kupotea wakifika kama miezi mitatu minne wanapobadilisha manyoya. Nikauliza wanakula? Akasema wanakula wenyewe bila shida, akatikisa bakuli na kweli mmoja akaja akawa anadonoa donoa, basi nikalipa nikaondoka na furaha yangu. Siku ya tatu asubuhi nakuta mmoja kalala ubavu chini ya tundu, jioni mwenzie akafuata. Na bakuli limejaa ulezi! Nikasema labda ugonjwa, labda maji, mpaka nilipolipuliza lile bakuli. Baji hamezi punje na ganda lake, anaimenya kwanza kwa ulimi na mdomo, kwa hiyo bakuli la ndege anayekula ukilipuliza maganda yanaruka mpaka usoni. Langu halikutoa hata ganda moja. Walikuwa wanaokota punje wanaichezea mdomoni wanaiangusha, mimi nakaa pale naona wanakula.

Nilikaa muda nikasema sitaki tena ndege, halafu nikaletewa jike na dume wakubwa na mtu aliyekuwa anahama, nikawawekea boksi la mbao na maranda chini (usiache mbao tupu, makinda wanateleza miguu inatanuka pembeni kama chura na usipowahi hairudi). Jike akataga mayai matano. Hapa ndo pa kuangalia: hatagi kila siku, anaruka siku, na yai linakaa kama siku 18 ndo linaanguliwa, kwa hiyo kinda wa kwanza na wa mwisho wamepishana zaidi ya wiki nzima. Wa kwanza ana manyoya kichwa hadi mkia, wa mwisho bado yuko kama kidole kimeota sindano. Sasa muuzaji anayefungua boksi siku moja akazoa wote akapeleka sokoni, yule wa mwisho unadhani anaenda kula nini?

Wa kwangu wa kwanza alitoka kwenye siku 32 hivi. Siku mbili nzima kabla ya hapo alikuwa anatoa kichwa tu kwenye tundu la boksi anachungulia, anarudi, anachungulia, kama mtoto wa siku ya kwanza shule. Alipotoka akaruka moja kwa moja akagonga waya, maana mabawa anayo ila breki hana. Na nilichoona baada ya hapo ndo kilichonifanya niandike hii barua. Hakugusa ulezi. Alikaa kijitini anapiga kelele, baba akaja, akatingisha kichwa juu chini juu chini akamtapikia chakula mdomoni, na ikawa hivyo karibu wiki mbili. Mama hakuwa na habari naye, alikuwa anataka kutaga tena, tena alimdona kichwani mpaka damu ikatoka, ikabidi nimtoe kinda na baba yake niwaweke tundu la pembeni. Mama akabaki na wadogo boksini, wale aliendelea kuwalisha vizuri tu.

Mimi niliwasaidia kwa kimea, ulezi ule ule unauloweka unauacha uchipue kidogo, unakuwa laini, kinda anaweza kuumenya. Na yai la kuchemsha kidogo na mchicha. Ila kwa joto letu hili la Dar usiache vitu vibichi mpaka mchana vinachacha. Jioni nilikuwa namshika taratibu nagusa gole, kile kifuko cha chakula pale chini ya shingo, likiwa limejaa unasikia kama kifuko cha mchanga, likiwa tupu ujue kalala njaa hata kama umemuona anadonoa siku nzima. Alipofika wiki ya sita nikaanza kuona maganda ya kwake, na gole likawa linajaa bila baba kusogea.

Najua wafanyabiashara watasema akikaa sana na wazazi hazoeani na watu. Sio kweli, wa kwangu nilikuwa nawatoa boksini dakika chache kila siku tangu wana wiki mbili nawaweka kiganjani nawarudisha, saivi wananipanda mpaka kwenye kitenge. Na anayetaka kuwachukua wadogo zaidi awalishe kwa bomba la sindano na uji vuguvugu kila baada ya masaa machache, hata usiku, sasa huyo muuzaji aniambie yeye anafanya hivyo pale kibandani?

Ombi langu ni dogo. Wauzaji waandike kwa maka pin kwenye boksi tarehe kila kinda alipoanguliwa na wasitoe wa chini ya wiki sita, wakifika nane ndo vizuri zaidi. Na wewe mnunuzi nenda jioni, mwambie akuonyeshe gole, halafu puliza bakuli mbele yake. Akikasirika ondoka. Na gazeti lako Mhariri kama mnaweza mtupatie daktari wa mifugo aandike hata nusu ukurasa maana kuku mnawaandika kila wiki.

Hapa kwangu wanne wameshatoka. Wa tano bado yuko boksini, tangu jana katoa kichwa anachungulia, na kuna watu wawili wameshanipigia simu wanamtaka. Nimewaambia mwezi ujao.

Mama wa bajaji saba,
Tabata, Dar es Salaam