Barua ya wazi kwa vijana wanaojifungia na nyimbo za kuachwa

Wanangu mlioko vyuoni, na ninyi mliopanga vyumba mjini, hamjambo.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Juzi tumemrudisha nyumbani binti wa ukoo wetu kutoka chuoni, amebaki mifupa. Mchumba alimwacha. Akajifungia chumbani, akaweka spika masikioni, wimbo mmoja wa kuachwa ukawa unajirudia wenyewe tangu asubuhi hadi usiku. Wenzake wa chumba kimoja wanatuambia walidhani anajiliwaza. Anajiliwaza! Sahani ya wali imeota ukungu mezani, mtu hajaoga, nanyi mnampita mkisema mwacheni na muziki wake?

Wimbo wa huzuni siukatai. Mwenye uchungu ukimpigia wimbo wa furaha huona unamdhihaki. Wa huzuni humwambia kuwa wapo waliopita njia hiyo kabla yake, basi machozi yanamtoka na kifua kinapungua. Ila ukishalia, zima. Ukiurudia kutwa kucha, akili haitoki pale ilipoumia, unabaki kutonesha kidonda kila kinapotaka kufunga. Na simu nayo ikishajua unapenda nyimbo za kulia, inakuletea nyingine ya aina hiyohiyo, na nyingine tena. Haina macho ya kuona kwamba hujala.

Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam kulikuwa na kipindi cha Ugua Pole. Ndugu na jamaa walituma salamu kwa mgonjwa aliyelazwa, jina lake likasomwa hewani, kisha wimbo. Nimekaa wodini nikimuuguza marehemu mama yangu, redio ipo dirishani, watu wametulia tuli wakisubiri majina. Mama mmoja wa kitanda cha pili alikuwa amekataa uji tangu asubuhi. Alipotajwa alijikokota akaketi, akaniuliza, "Umesikia? Ni mimi huyo." Wimbo wenyewe ulikuwa dansi la kawaida tu, tulishausikia mara nyingi. Lakini safari hii kuna mtu aliyemkumbuka akamchagulia, na wodi nzima tukausikiliza pamoja naye. Jioni uji aliunywa.

Leo nyumba ina watu sita na kila mmoja ana muziki wake masikioni. Hapo sitawalaumu ninyi peke yenu. Sisi wazazi ndio tuliowanunulia hizo simu, tukafurahi kwamba nyumba imetulia. Binti yetu alipopiga simu mwanzoni, alijibiwa kwamba mambo ya wanaume yasimsumbue, asome. Aliponyamaza, tukadhani amesikia.

Mengine nayataja tu. Usiku singeli iwekeni kando: muziki wa mapigo zaidi ya 200 kwa dakika unauamsha mwili, usingizi utatoka wapi? Sauti ipunguzeni. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, usiisikilize zaidi ya saa 40 kwa wiki, na vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena. Imbeni wenyewe, iwe kwaya, iwe kaswida, iwe mnafua nguo. Na pombe msiichanganye na nyimbo za majonzi.

Sasa ninyi mnaokaa chumba kimoja na mwenye mawazo. Mvueni spika moja ya sikio, mwulizeni anasikiliza nini, kaeni msikilize naye. Kisha mtoeni nje, hata mpaka gengeni tu. Mkiona wiki mbili zinapita, hali chakula, halali usingizi, hataki mtu, hiyo yaweza kuwa sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, na haingoji wimbo uishe. Mpelekeni hospitali ya rufaa ya mkoa mkaulizie daktari wa afya ya akili. Akisema anataka kufa, msingoje wiki wala siku. Msimwache peke yake, mpelekeni usiku huohuo, na nyumbani mpige simu mkiwa njiani.

Mama yenu mkubwa,
Tanga