Hita kubwa ndiyo inayopika samaki wa Dar

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua niseme na wauzaji na wafugaji wa samaki wa mapambo hapa Dar es Salaam kuhusu hita za matangi. Kipupwe cha Juni hadi Agosti kikiingia, si ajabu mtu mwenye tangi la lita 60 akatoka dukani na hita ya wati 200, hata 300, kwa ushauri kwamba "chukua kubwa, haitakusumbua." Itamsumbua. Kwa hali ya hewa yetu baridi ya maji ni tatizo dogo. Tatizo kubwa ni siku swichi ya ndani ya hiyo hita inapogoma kuzima.

Piga hesabu. Kupandisha lita moja ya maji kwa nyuzi moja kunahitaji takriban wati 1.16 kwa saa nzima. Tangi la lita 60 basi linataka kama wati 70 kwa saa ili lipande nyuzi moja. Hita ya wati 300 ikikwama ikiwa inawaka, maji yanapanda nyuzi 4 na ushei kila saa. Yalikuwa 27 ulipozima taa saa tano usiku. Saa nane yanakaribia 40, na hakuna samaki wa tangi anayevumilia hapo. Ya wati 50 ikikwama vivyo hivyo, hadi saa kumi na mbili asubuhi haijaongeza hata nyuzi 5, kwa sababu tangi nalo linapoteza joto njiani. Utaamka ukute samaki wanahema juu ya maji, lakini wako hai.

Kanuni ya "wati moja kwa lita moja" inayorudiwa kila mahali inazifaa nyumba za nchi za baridi, ambako sebule huwa na nyuzi 18 na maji yanatakiwa 25 au 26. Chumba cha Tabata au Kigamboni kisicho na kiyoyozi hakifiki huko hata mwezi wa saba. Kwa hiyo kabla ya hita nunua kipimajoto, kile cha kioo chenye kikombe cha mpira, na usome maji kwa wiki nzima: saa kumi na moja alfajiri, kisha saa tisa alasiri. Alfajiri ikisoma 24 au zaidi, gapi, beta na samaki wengi wa kawaida hawana haja ya hita. Samaki wa dhahabu hawaihitaji kabisa. Hao wanapenda maji ya ubaridi, na kwa kweli Februari na Machi wanachohitaji ni feni ndogo ipepee juu ya maji, ambayo kwa kuyafanya yavukize hushusha nyuzi 2 hivi.

Wanaohitaji hita kweli ni wa aina mbili. Kuna anayefuga diskasi, samaki anayetaka nyuzi 28 hadi 30 mwaka mzima. Na kuna tangi lililo kwenye chumba cha AC, ofisini au chumba cha kulala, mashine ikiwekwa 18 usiku kucha na kuzimwa asubuhi. Huko maji hushuka hadi 22 alfajiri na kurudi 28 au 29 mchana, na kupanda na kushuka huko kila siku ndiko kunakowachosha samaki mpaka vidoa vyeupe vinawatoka mwilini. Hapo hita ina kazi, lakini kazi yake ni kuzuia maji yasishuke chini ya 25. Iweke 25, siyo 28.

Kwa tangi lenye mfuniko ndani ya chumba cha AC, lita 60 zinatosheka na wati 50, lita 100 na wati 75. Kwa lita 200 chukua mbili za wati 75, moja kila upande, badala ya moja ya 200. Moja ikigoma kuzima haina nguvu ya kuwapika samaki. Ikigoma kuwaka, ya pili inasukuma mambo mpaka utakapogundua. Mfuniko nao ununue siku hiyo hiyo, maana tangi lililo wazi linapoteza joto jingi kwa mvuke na utaichosha hita bure. Gharama si ya kupuuza: wati 50 zikiwaka nusu ya siku ni uniti 18 za LUKU kwa mwezi, na aliye kwenye daraja la matumizi madogo lenye kikomo cha uniti 75 ataziona.

Kwa nini swichi inakwama? Ndani ya hita nyingi za bei ya chini kuna ukanda wa metali mbili unaojikunja kwa joto, na mwishoni mwake vichwa viwili vidogo vinavyogusana na kuachana. Kila vinapogusana na kuachana cheche huruka. Hita kubwa inapitisha umeme mwingi zaidi hapo, cheche zake ni kali zaidi, na kwenye tangi dogo inapasha haraka, hivyo inawaka na kuzima mara nyingi zaidi. Ongeza umeme wetu unaokatika na kurudi kwa mkupuo. Mwisho vile vichwa vinaungua na kugandana kama vimechomelewa. Za kidijiti zenye namba zinazong'aa si kinga: nyingi zina rilei ndani, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, nayo hugandana vivyo hivyo. Dalili ni rahisi: kitaa cha hita kinawaka wakati kipimajoto kinasoma nyuzi 2 au 3 juu ya ulipoiweka. Ichomoe na usiirudishe.

Dukani, isome hita yenyewe, usiishie kwenye boksi. Iandikwe volti 220 hadi 240, hezi 50. Kuna zinazoingia zikiwa za volti 110 au 120, za soko la Marekani. Ukichomeka hita ya wati 100 ya volti 120 kwenye umeme wetu wa 230, inakuwa kama ya wati 367, na kioo kinaweza kupasuka kabla hujamaliza kulipa bodaboda. Tafuta alama ya IPX8 au IP68, inayoruhusu kuzamishwa, na mstari unaoonyesha kiwango cha chini cha maji. Zungusha kirungu cha nyuzi: kikicheza bila kukaza, acha. Angalia mpira unaoziba juu, pale waya unapoingilia; ukiwa na ufa au umekaa upande, maji yatapita. Vihita vidogo vya chaja ya simu, vingi havina thamostati kabisa, yaani ile swichi inayozima joto likifika. Vinawaka tu.

Plagi ndiyo sehemu inayodharauliwa kuliko zote. Hita nyingi huja na pini mbili za mviringo, na dawa yetu ya kila siku ni kuchokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu mpaka lifunguke, kisha pini mbili zinasukumwa ndani. Zinakaa kwa kulegea, zinapata moto, plastiki inabadilika rangi na kuwa kahawia, na hiyo yote ni sentimeta chache kutoka kwenye maji. Mpe fundi umeme akate plagi hiyo, afunge ya pini tatu yenye fyuzi ya ampia 3. Plagi mpya kwa kawaida huuzwa ikiwa na fyuzi ya 13, ambayo kwa hita ya wati 75 hailindi kitu, mwambie aibadilishe. Hita ya titani lazima iwe na ethi. Waya uache uning'inie chini ya usawa wa soketi kisha upande, ili tone linalotiririka kwenye waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Na mwenye nyumba aulize kama bodi yake ina kikata umeme cha miliampia 30, kinachozima umeme ukivuja. Kama hakipo, kifungwe.

Hita mpya isiingie tangini siku ya kwanza. Jaza ndoo ya lita 20, weka hita na pampu ya hewa ili maji yazunguke, subiri dakika 20 kioo kizoee maji, ndipo uchomeke. Kwa kuwa maji ya Dar tayari yana joto, iweke 30, vinginevyo hutajua kama inazima. Ikifika, iache saa 24. Ikizima kipimajoto kinaposoma 32, sasa unajua kirungu kinadanganya kwa nyuzi 2. Andika kwenye utepe na uubandike kwenye waya. Ukungu ukionekana ndani ya mrija wa kioo, irudishe dukani.

Tangini ilaze karibu na chini, mbele ya mdomo wa filta, isiguse kokoto. Ikisimama wima, maji yakipungua sehemu ya juu inabaki hewani, inapata moto, na ukiongeza maji inalia "tak!" na kupasuka. Kwa sababu hiyo hiyo, ichomoe dakika 20 kabla ya kubadilisha maji, na usiirudishe mpaka tangi lijae. Wanaotumia maji ya kisima wataona ukoko mweupe kwenye kioo kama ule wa ndani ya birika. Ukoko huo unazuia joto kutoka. Ichomoe, ipoe, isugue kwa siki au ndimu, suuza.

Mwenye samaki wa bei aongeze kidhibiti joto cha nje, chenye kihisio chake kinachozama majini. Hita iweke 28, kidhibiti 26. Hapo swichi mbili lazima zigome kwa pamoja ndipo maji yachemke. Lakini kihisio kifungwe imara. Kikichomoka na kuning'inia kwenye hewa ya AC, kidhibiti kitaona nyuzi 19 na kuamuru moto bila kukoma, na kitakachobaki kukuokoa ni thamostati ya hita yenyewe.

Ukikuta maji yamefika 33, chomoa, fungua mfuniko, washa pampu ya hewa kwa nguvu zote, maana maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Usimwage barafu. Elekeza feni juu ya maji, weka chupa ya maji ya baridi iliyofungwa ielee tangini, na uache nyuzi zishuke moja kwa saa.

Kwa wauzaji ombi ni moja: mteja akisema anataka hita, kabla ya kutaja wati muulizeni tangi lina lita ngapi na chumba kina AC au hakina.

Mfugaji wa samaki wa mapambo,
Dar es Salaam