Ada ya Julai itatoka wapi?

Shangazi, shikamoo. Naandika alfajiri, usiku kucha sijalala. Mume wangu anataka mtoto ahamie shule ya bweni ya mchepuo wa Kiingereza. Nilipobisha, ameniuliza mbele ya kaka yangu, mjomba wa mtoto: "Wewe umesoma mpaka wapi hata uchague shule?" Kaka akanyamaza. Huku Newala mjomba ndiye mwenye kauli juu ya mtoto; unajua akinyamaza ni nini.

Sipingi Kiingereza. Najua kidato cha kwanza masomo karibu yote ni Kiingereza, na mtoto hodari wa kutafuta kigawo kikubwa cha shirika hukwama kwa kutojua swali linataka nini. Lakini wetu yuko darasa la tano. Wanaohamia mchepuo wa Kiingereza wakiwa wakubwa hivyo, wengi hurudishwa darasa nyuma, kisha mtihani wa kumaliza shule ya msingi wanafanyia hisabati na sayansi kwa lugha ambayo bado inawapiga chenga. Angekuwa anaanza la kwanza, nisingebisha.

Ada ni 1,600,000 kwa awamu nne. Fedha ya korosho huja mara moja, minada ikianza Oktoba, na chama cha ushirika hukata chake kwanza. Januari tutalipa. Aprili tutajikongoja. Julai ni kupulizia mikorosho dawa: vibarua, mafuta ya mashine, na salfa hurudiwa kila baada ya wiki mbili hivi. Ukiruka mzunguko, ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, unakula maua, na korosho za ada ya mwaka unaofuata ndizo hizo. Hapo ndipo watoto wa bweni hurudishwa nyumbani kufuata ada, nao wenzao wanaendelea na vipindi. Godoro, sabuni na nauli sijavitaja.

Hesabu hizi nimezipiga mimi niliyeishia la saba. Yeye hakuzipiga. Shule ya hapa haina ada. Hata robo ya fedha hiyo ingemlipa mwalimu wa Kiingereza wa jioni mwaka mzima. Madaftari nayakagua mimi, mkutano wa wazazi naenda mimi. Kisha naulizwa nimesoma mpaka wapi.

Sisemi asiende. Tranka nimeshamnunulia, liko uvunguni. Ila shamba la kule Kitangari ni la ukoo wetu, na mume wangu anataka korosho za shamba hilo ndizo zilipe. Nikikataa, nitaambiwa namzibia mtoto njia. Shangazi, nikikataa nitakuwa namlinda mwanangu, au nalipiza lile neno? Maana alilisema mbele ya kaka yangu.