Uswidi wanaijua, na Vihiga je?

Mhariri,

Binti yangu yuko kidato cha nne. Juzi jioni, mimi nikichambua omena, wale dagaa wa ziwani, yeye alikuwa akifanya kazi ya jiografia: anachora piramidi ya watu wa Uswidi, yaani mchoro wa watu kwa umri wao, nyembamba chini, imejaa wazee juu. Kando yake akachora ya Kenya, pana chini kama kichuguu. Nikamuuliza, na Vihiga je? Akaniangalia kwa huruma. "Mama, Vihiga haiulizwi."

Sina ugomvi na Uswidi. Lakini kutoka hapa Kisumu hadi Vihiga ni mwendo mfupi wa matatu, na sensa ya 2019 ilikuta kaunti hiyo ina watu 590,013, zaidi ya 1,000 kwa kila kilomita mraba. Ukipita utajionea: shamba limegawiwa wana na wajukuu hadi imebaki migomba, ng'ombe mmoja na makaburi ya wazee. Ndiyo maana Wamaragoli, wenyeji wa huko, utawakuta Lugari na Migori, na wengine walivuka mpaka zamani wakaenda kulima Kigumba, Uganda. Shangazi ya marehemu mume wangu aliolewa huko huko. Katika daftari la binti yangu uhamaji una sababu sita zilizopigwa nambari, na hakuna hata moja yenye jina la mahali.

Kilichonikera hasa ni somo la dhoruba. Anajua kwamba kimbunga hutaka bahari yenye joto la nyuzi 26 au 27, na kwamba hakizaliwi karibu na ikweta. Anajua Idai iliyopiga Beira mwezi Machi 2019 na kuua zaidi ya watu 1,000 Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Ila hakuwahi kuyahusisha hayo na bango la ikweta pale Maseno, ambalo tunalipita kila tukienda Busia! Mzunguko wa dunia ndio unaopinda upepo mpaka ukazunguka kama pia, na kwenye ikweta nguvu hiyo haipo. Kwa hiyo kimbunga hakitufikii, sura ikafungwa, darasa likaendelea na jangwa.

Na dhoruba zetu? Mchana Ziwa Victoria hubaki baridi kuliko nchi kavu, upepo ukatoka majini kupanda milima ya Nandi na Kericho. Ndiyo ile mvua ya mawe inayochana majani ya chai alasiri. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, ziwa likabaki na joto lake, pepo za kila upande zikakutana juu ya maji na kupaa. Radi huanza usiku wa manane hadi alfajiri, na huo ndio wakati mvuvi wa omena yuko katikati ya ziwa, maana omena hufuata taa usiku usio na mwezi. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni za sola.

Shemeji yangu huvua upande wa Rusinga. Mwaka jana alirudi bila nyavu wala taa, shati limemgandia mwilini. Aliniambia upepo ulikatika ghafla, maji yakatulia kama mafuta kwenye karai, akajua dhoruba inakuja, ndipo akaamuru wenzake wakate kamba za nyavu. Hajasoma zaidi ya darasa la saba.

Walimu wataniambia silabasi ni ndefu, na ni kweli. Lakini kazi ya nyanjani imo ndani ya silabasi hiyo hiyo, na shule nyingi huipeleka mbali kwa basi la kukodi, wazazi tukichanga. Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu, ni nauli ya bodaboda. Kipima mvua cha shule ya binti yangu nimekiona nyuma ya maabara: kimejaa majani makavu na faneli yake haipo.

Binti sasa ananiuliza maboti ya omena hufika saa ngapi. Nimemwambia aje Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, na daftari lake.

Mama mchuuzi wa samaki,
Kisumu