Kinga ya mwili nayo ina breki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu makala na matangazo ya kuongeza kinga, ambayo tangu enzi za korona hayakauki kwenye kurasa za afya. Mimi ni mtaalamu wa maabara hapa Ujiji, na kazi yangu ni damu na mkojo wa watu. Nasema bila kumung'unya maneno: kumwambia kila msomaji aongeze kinga ni hatari, kwa sababu wapo wenzetu ambao ugonjwa wao wenyewe ni kinga iliyozidi.

Anayekaa kwenye darubini hapa Kigoma huliona jambo hili mapema. Mvua zikichanganya, slaidi za malaria zinapangana mezani. Unapaka damu, unaitia rangi ya Giemsa, unaisuuza, unaisubiri ikauke, halafu unahesabu vimelea. Analetwa mtoto mwenye vimelea kila unapotazama, na hapo nje yuko mgongoni kwa mama yake anakula ndizi. Anafuata mwingine, vimelea ni vya kutafuta, lakini amelegea, anahema juu juu, hata mama yake hamtambui. Sehemu ya maelezo ni kwamba vimelea hujificha kwenye mishipa midogo ya damu, hatuvioni. Sehemu nyingine ni kinga yenyewe: inamwaga saitokini, zile kemikali ambazo chembe za kinga huitana nazo, mpaka zinaanza kumuumiza mtoto badala ya kumwokoa.

Sasa nani huiambia kinga kwamba inatosha?

Shuleni tulifundishwa kuwa RNA ni nakala ya jeni, nayo huipelekea seli maelekezo ya kutengeneza protini. Lakini sehemu ya DNA yetu yenye maelekezo hayo haizidi asilimia 2. Nyingine kubwa iliwahi kuitwa takataka, na kumbe seli huinakili kwa wingi kuwa RNA zisizotengeneza protini yoyote. Mwaka 1993, Victor Ambros na Gary Ruvkun wa Marekani walionyesha, kwa kuchunguza mnyoo wa urefu wa milimita moja, kwamba RNA fupi sana inaweza kuikamata nakala ya jeni nyingine na kuzuia protini yake isitengenezwe. RNA hizo fupi, zenye herufi za kemikali kama 22 tu, leo zinaitwa maikro-RNA, na wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2024. Sisi binadamu tunazo za aina mamia.

Moja inaitwa miR-146a, na tangu niisome sijaacha kuistaajabia. Kazi yake kwenye kinga ilielezwa mwaka 2006 na maabara ya mwanabiolojia David Baltimore kule California. Bakteria akiingia mwilini, chembe za kinga humtambua kwa vipokezi vyake, na ishara hupokezwa ndani ya chembe, protini hadi protini, mpaka kwenye kiini, ambako jeni za saitokini huwashwa. Ishara hiyohiyo inawasha pia jeni ya miR-146a. Ikishatengenezwa, RNA hii inakwenda kukamata nakala za protini mbili, IRAK1 na TRAF6, na hizo ndizo zilizoipokeza ishara tangu mwanzo. Protini zinapungua, ishara inafifia. Yaani mguu unaokanyaga mafuta ndio huohuo unaoiandaa breki.

Panya walioondolewa jeni hiyo walipopewa sumu ya ukuta wa bakteria walitoa saitokini kupita kiasi. Walivyozidi kuzeeka, bandama zikavimba na kinga ikaanza kuushambulia mwili wao wenyewe. Iko na ya upande wa pili, miR-155, inayoisukuma kinga mbele: mwaka 2007 panya wasiokuwa nayo walichanjwa dhidi ya Salmonella na chanjo haikuwakinga. Kwa hiyo mwili unazihitaji zote mbili, na kwa kiasi chake.

Ndiyo maana naitaja lupasi. Katika ugonjwa huu kinga hushambulia figo, viungo, ngozi na damu ya mtu mwenyewe. Mwaka 2009 watafiti wa China walikuta miR-146a ikiwa chini kwenye damu ya wagonjwa wa lupasi. Na kati ya kila wagonjwa kumi, tisa hivi ni wanawake, jambo lililowasumbua madaktari kwa miaka mingi. Mwanamke ana kromosomu X mbili, na moja hunyamazishwa na RNA ndefu iitwayo Xist, ambayo nayo haitengenezi protini. Xist hujikusanyia protini nyingi, na wagonjwa wa lupasi hutengeneza kingamwili, yaani silaha za kinga, dhidi ya baadhi ya protini hizo. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapandikizia Xist panya dume, ambao kwa kawaida hawaitengenezi, wa ukoo unaougua kirahisi, wakawachokoza kwa kemikali, na madume hao wakapata ugonjwa unaofanana na lupasi.

Mdogo wangu, anayeuza dagaa Kibirizi, ana lupasi. Alikuwa akiendelea vizuri na vidonge vyake hadi mchuuzi mmoja wa unga wa kuongeza kinga alipomwambia, "Dada, hizo dawa za hospitali zinakushushia kinga, utakufa bure." Ni kweli zinashusha, ndiyo kazi yake. Akaviacha, akashika unga. Uso ukavimba, miguu ukiibonyeza kwa kidole shimo linabaki, mkojo ukawa na povu lisiloisha. Niliupima mwenyewe: kile kiboksi cha protini kwenye kijiti cha kupimia kilitoka manjano kikawa kijani iliyokolea mbele ya macho yangu, yaani figo zilikuwa zinavujisha protini. Alilazwa. Figo zilinusurika, lakini si kama za mwanzo.

Kimojawapo cha vidonge alivyoviacha ni haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini ileile iliyokuwa ikituwasha mwili mzima kabla haijaondolewa kwenye tiba ya malaria nchini mwaka 2001. Ndani ya chembe za kinga, dawa hii huvituliza vipokezi vinavyoshtuka vikikutana na RNA au DNA. Dawa ya kumrudishia mgonjwa wa lupasi miR-146a yake bado iko mikononi mwa watafiti, na ugumu unaeleweka: RNA huvunjika upesi kwenye damu, si rahisi kuifikisha kwenye seli inayotakiwa, na maikro-RNA moja hugusa jeni nyingi kwa pamoja. Mpaka hapo, vidonge vilivyopo ndivyo vinavyowabakiza watu hawa hai, na havipaswi kuachwa kwa neno la mchuuzi.

Ninachokuomba, Mhariri, ni kwamba kila makala ya kuongeza kinga unayoichapa iseme wazi kuwa haiwahusu wagonjwa wa lupasi, wa baridi yabisi inayotokana na kinga, wala waliopandikizwa figo. Na ukurasa wa afya uwape nafasi madaktari wetu waeleze dalili zake kwa Kiswahili, maana huku wengi hutibiwa malaria na taifodi kwa miezi mingi kabla ya mtu kuifikiria lupasi.

Dada au mama wa Kigoma anayesoma barua hii, kama viungo vinakuuma kila asubuhi, nywele zinakatika, umetokwa na madoa mashavuni hadi juu ya pua na homa inarudi wakati vipimo vya malaria havioni kitu, nenda kaombe mkojo wako upimwe protini. Kipimo chenyewe ni kijiti cha kuchovya, kilekile wanachotumia kliniki ya wajawazito, na majibu hutoka ukiwa umesimama palepale.

Mtaalamu wa maabara,
Ujiji, Kigoma