Kabla hujalipia safari ya farasi mwitu, soma hili

Swali tunaloulizwa kuliko yote ni hili: "Tutapiga shoti pamoja nao?" Hapana. Na ni heri ukasirike sasa ukiwa nyumbani kuliko ukasirike ukiwa juu ya tandiko.

Ranchi yetu iko kaskazini mwa Wyoming, Marekani, karibu na mpaka wa Montana, chini ya milima ya Pryor. Hifadhi ya farasi mwitu ya milima hiyo ilitengwa mwaka 1968, eka zipatazo 38,000. Mwaka 1971 ikaja sheria ya nchi nzima inayowalinda farasi wanaozurura katika ardhi ya umma wasikamatwe, wasipigwe chapa, wasisumbuliwe wala kuuawa. Kuwafukuza ukiwa umepanda farasi ni kuwasumbua, hilo halina mjadala. Lakini hata sheria isingekuwepo tusingefanya. Mwanafarasi wa wiki mbili akipoteana na mama yake kwenye vumbi la mbio, anaweza asimpate tena.

Kwa hiyo tunasimama mita 100, tunashuka, tunashika hatamu, tunanyamaza. Njoo na darubini. Wengi wa farasi hawa wana rangi ya udongo mkavu, na mstari mweusi unaopita mgongoni mpaka mkiani. Tazama miguu: ina michirizi kama ya pundamilia aliyefuliwa mara nyingi hadi akachujuka.

Kinachowashangaza wageni zaidi, amini usiamini, ni mavi. Madume wana mahali pao pa kunya, rundo linalokua mwaka hadi mwaka kando ya njia. Dume anafika, anainamisha pua, ananusa taratibu, halafu anainua kichwa na kukunja mdomo wa juu kana kwamba anacheka. Anageuka, anaweka lake juu, ananusa tena kuhakikisha. Dume wa pili akitokea hapo, wanaweza kusimama pua kwa pua, kisha ghafla yowe na mguu wa mbele unapiga hewa. Mara nyingi inaishia hapo, kila mmoja anarudi kwa majike wake.

Hapo ndipo linapoingia jambo ambalo wageni hulalamikia: mbona hatuwapi majike wa kupanda? Tulijifunza kwa ubaya. Msimu mmoja mwongozaji wetu alikuwa juu ya jike. Dume mwitu alimwona kutoka mbali, akashuka mteremko shingo ikiwa chini na masikio yamelala nyuma, kuja kumchukua awe wake. Aliyekuwa mgongoni hakumhusu. Tulimfukuza kwa kelele na kuzungusha kamba, hakuna aliyeumia, lakini tangu siku ile tunatumia maksai tu, yaani farasi dume waliohasiwa. Ni watulivu, na madume mwitu hawawatamani.

Kuhusu uzito, tunauliza si kwa kukuaibisha. Farasi wetu wana kilo 450 hadi 500, na hatumbebeshi yeyote zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake. Toa kilo 15 au zaidi za tandiko la huku, lililotengenezwa kwa kazi ya ng'ombe, anayebaki ni mpandaji wa kilo 75 hadi 85. Ukizidi, tunakupeleka kwa gari hadi juu na utaona farasi walewale. Barabara ni mbovu kweli, afadhali ujue mapema.

Watoto wengi huzaliwa Mei na Juni. Kufikia Julai makundi mengi yamepanda kwenye malisho ya juu, zaidi ya mita 2,500, na huko usiku ni baridi hata katikati ya kiangazi. Tunaondoka alfajiri kwa sababu radi hupenda kuja mchana, na ukingo wa mlima usio na mti si mahali pa kuwa juu ya farasi radi ikipiga.

Mavazi: jinzi ndefu, koti la mvua lisilopigapiga kwenye upepo, kofia yenye kamba ya kidevuni. Kofia ikiruka mbele ya farasi, hata maksai mzee husahau utulivu wake. Na viatu viwe na kisigino. Raba za mazoezi hupenya kwenye kikuku, na ukianguka mguu unabaki umenasa huku farasi anaendelea na safari. Kama huna viatu vya aina hiyo, tuandikie namba ya mguu wako unapoweka nafasi. Tuna jozi kadhaa ghalani.